Kabla ya kununua Fuso, tununue kwanza kitabu na mizani

Ndugu wachimbaji, wamama wa soko, na ninyi wenye butiki hapa Bambu na vijiji vya karibu,

Kuko neno moja linatembea sana kwenye mikutano yetu: "Sendika inunue Fuso." Kila mara tukigusa bei ya vyakula, mtu anasimama na kusema gari yetu wenyewe ndiyo itatuokoa. Watu wanapiga mikono. Sisi wa sendika tunajua hamu hii inatoka wapi. Mama anatumwa soko na franga zile zile za mwezi uliopita, anarudi na kikapu nusu. Baba anauliza, "Feza imeenda wapi?" Nyumbani kunakuwa maneno.

Lakini leo tunataka kusema wazi jambo ambalo halitapigiwa mikono sana. Kununua Fuso hakutashusha bei. Kamyo ziko. Zinatoka Bunia, zinapita Iga-Barrière na Nizi, zinafika. Mara nyingi zinafika hazikujaa, na nyingi zinarudi Bunia tupu kabisa. Sisi tumekosa namna ya kuweka mizigo yetu midogo pamoja ndani ya kamyo moja, kila mtu alipe sehemu yake kwa haki, na kila mtu apate vitu vyake vyote mwisho wa safari. Hiyo ndiyo kazi ya sendika. Na kazi hiyo inataka kitabu, mizani na siku inayojulikana. Gari ni mambo ya nyuma.

Nani analipa nafasi tupu?

Mwenye kamyo akifanya hesabu yake, hahesabu mifuko. Anahesabu safari: mazutu, tairi, shofere, konveyere, barière zote za njiani, na faida yake. Ile jumla ndiyo anayotaka kurudi nayo. Kamyo ikijaa, jumla inagawanywa kwa watu wengi. Kamyo ikiwa nusu, wale wachache waliopakia wanalipa pia nafasi ya upepo.

Sasa mwenye butiki aliyelipa nafasi ya upepo hatakula ile hasara yeye mwenyewe. Anaiweka juu ya sukari, juu ya sabuni, juu ya chumvi. Na mambo hayaishii butiki. Sisi wote tunajua namna shimo linavyofanya kazi. Mwenye kulisha shimo, yule tunamwita PDG, ananunua unga, maharagi, mafuta, mazutu ya motopompe, anaandika. Siku dhahabu inatoka, gharama zinaondolewa kwanza, ndipo watu wanagawana. Kwa hiyo bei ya kubeba mzigo imeingia ndani ya shimo mbele ya mchimbaji kushika hata chembe moja. Umelipa safari ya kamyo na wewe hukupanda hata siku moja.

Ndiyo maana tunasema hili ni jambo la wachimbaji, si la wafanyabiashara peke yao. Tunapigana juu ya mgao wa shimo, na ni vizuri. Lakini gharama zinazoondolewa mbele ya mgao, nani anazipigania?

Zamani mnunuzi alikuwa mmoja

Wazee wetu wanakumbuka wakati mwingine. Dhahabu ya Kilo ilijulikana kwa wazungu mwaka 1903. Miaka ya kwanza mizigo ya mgodi ilikuwa inabebwa kichwani na watu, kutoka upande wa ziwa Albert mpaka huku kwenye milima. Barabara zilikuja nyuma, kwa jasho la watu. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926, na Bambu ikawa makao yake makubwa. Kampuni ilikuwa inaleta posho ya wafanyakazi wake. Hakukuwa na swali la nusu kamyo, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja na mzigo wake ulikuwa mkubwa.

Leo mnunuzi wa Bambu ni watu wengi sana, kila mmoja na kidogo chake. Mama huyu anataka mifuko miwili ya sukari. Yule anataka bidoni tatu za mafuta. Kijana wa butiki anataka katoni za sabuni. Timu ya shimo inataka mpira wa motopompe na mabeleshi kumi. Hakuna hata mmoja anaweza kujaza Fuso. Basi kila mmoja anajitafutia: mwingine anamlipa motari, mwingine anangojea tajiri mmoja akodi kamyo halafu anamwomba nafasi, kwa bei ambayo tajiri amejisikia kusema siku ile. Tumerithi mgodi uliojengwa kwa mnunuzi mmoja, na sisi tuko mia na mia.

Hesabu ya mfano

Tufanye hesabu. Hizi namba ni za mfano tu. Kila mtu atie ndani bei ya juma hili.

Tuseme Fuso ya tani 5 inataka dola 300 kutoka Bunia mpaka Bambu. Tani 5 ni kilo 5.000. Ikijaa, kilo moja inalipa senti 6, na mfuko wa kilo 50 unalipa dola 3. Ikipanda na nusu ya mzigo, kilo moja inalipa senti 12, na ule mfuko mmoja unalipa dola 6. Mama anayekodi moto kwa mifuko miwili, tuseme dola 15, analipa dola 7 na nusu kwa mfuko. Mfuko ni ule ule, sukari ni ile ile, barabara ni ile ile. Tofauti ya dola 4 na nusu iko inapotea njiani, na mtoto wako ndiye anayeilipa ndani ya chai.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunasema inajaza hata kamyo, mradi kuwe na mtu wa kuandika kila haba ni ya nani.

Kazi hii inafanyika namna gani

Jambo hili si geni. Kwa Kifaransa wanaliita groupage. Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuunganisha mizigo yao ndani ya kontena moja kutoka Dubai au China, inayopitia Mombasa, kwa kuwa mmoja peke yake hakuweza kuijaza. Hata majahazi ya pwani, tangu zamani, yalibeba mizigo ya watu wengi katika safari moja. Kama mtu wa Butembo anaweza kushirikiana na mwenzake juu ya bahari, sisi tunashindwaje kushirikiana kutoka Bunia mpaka hapa?

Tumekaa na wamama wa soko, na mashofere, na motari. Tunaona mambo saba yanahitajika.

La kwanza ni siku. Kamyo ya pamoja iondoke siku moja inayojulikana kila juma. Mtu akijua siku, anaweza kungoja. Asipojua, anakimbilia moto. Na nyakati zile magari yanangojana ili yasafiri pamoja na wasindikizaji, sisi tutakuwa tayari, mzigo umefungwa, si kuanza kutafutana.

La pili ni depo moja kule Bunia ya kukusanyia mizigo, yenye kufuli na mlinzi. Mzigo usioingia depo mbele ya saa iliyowekwa ungoje juma lingine, hata ukiwa wa rais wa sendika.

La tatu ni mizani. Sisi ni watu wa kushangaza. Dhahabu tunaipima kwa kamizani kadogo, tunashika pumzi ili upepo usiiguse, lakini mzigo wa kamyo tunaupima kwa macho! Macho ya mwenye nguvu yanaonaka mzigo wake kuwa mwepesi. Mizani ya kilo 300 ingetosha kuanza.

La nne ni nafasi. Uzito peke yake hautoshi. Godoro halina uzito lakini linakula nafasi. Simenti inakula uzito lakini nafasi yake ni ndogo. Huko Ulaya, kwa kamyo za barabara, hesabu inayotumika sana ni hii: meta kubo 1 inahesabiwa sawa na kilo 333, hata mzigo ukiwa mwepesi kuliko pale. Wanalinganisha uzito wa mizani na uzito wa nafasi, na mtu analipa ulio mkubwa. Kwa mfano godoro la meta 2 kwa meta 1 na nusu, unene senti­meta 20, ni meta kubo 0,6. Lingelipa kama kilo 200. Sisi hatulazimishwi kuchukua namba ile. Hapa godoro linafungwa juu kabisa, mahali simenti haiwezi kukaa, na tunaweza kusema lilipe kidogo. Lakini namba yoyote tutakayochagua iandikwe ukutani, isomwe na kila mtu, isibadilike kwa sura ya mtu.

La tano ni kupanga. Mzigo unaoshuka mwisho unaingia wa kwanza. Simenti na vyuma chini, katoni juu. Mazutu na petroli havikai na unga wala na samaki ya chumvi. Baruti na zebaki zisiingie kabisa ndani ya kamyo ya chakula, hata mwenyewe akilipa mara tano. Na kila mfuko uandikwe jina la mwenyewe na namba, kwa rangi isiyofutika na mvua.

La sita ni karatasi. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Tangu mwaka 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, na OHADA iko na sheria ya kubeba mizigo kwa barabara iliyopitishwa mwaka 2003. Sheria ile inazungumza juu ya karatasi ya mzigo, lettre de voiture: jina la anayetuma, jina la anayebeba, jina la anayepokea, mzigo gani, vifurushi vingapi, uzito gani. Inasema mbebaji anajibu kama mzigo umepotea, umeharibika au umechelewa, isipokuwa kwa sababu ambazo yeye hangeweza kuziepuka, au kosa la mwenye mzigo mwenyewe. Imeweka hata kipimo: malipo hayapiti franga za CFA 5.000 kwa kilo, kama mwenye mzigo hakutangaza bei kubwa zaidi. Leo shofere anasema "mfuko ulianguka", na maneno yanaisha. Kwa nini yanaisha? Kwa kuwa hakuna karatasi inayoonyesha mfuko ulipanda.

La saba ni kubebana wakati wa hasara. Watu wa bahari wako na desturi ya zamani sana: dhoruba ikiwa kali, na nahodha akatupa mzigo wa mtu mmoja majini ili kuokoa jahazi, wenye mizigo iliyopona wanamlipa wote pamoja, kila mmoja kwa kipimo chake. Barabara yetu iko na dhoruba zake. Kamyo inanasa kwenye matope, mifuko inashushwa ndani ya mvua ili gari itoke. Mifuko ya nani? Ya yule aliyekuwa karibu na mlango. Haiko haki yeye peke yake alie. Kila mfuko uongeze kidogo juu ya bei yake, feza ile ikae pembeni, iandikwe, iwe ya kulipa hasara ya namna hii. Sisi tunajua likelemba tangu utoto. Hii ni likelemba ya njia.

Wanaokataa wanasema nini

Kuko wenye butiki wanaoogopa. Wanasema, "Tukipakia pamoja, mwenzangu ataona nimeleta nini na kiasi gani." Ni kweli, ataona vifurushi. Lakini soko lenyewe linaona kila siku. Na yule anayeficha katoni zake kwa kulipa mara mbili ya usafiri, siri yake ni ya bei ghali sana.

Kuko motari wanaosema tunataka kuwanyima kazi. Hapana, ndugu zetu. Kamyo inaishia Bambu sokoni. Haipandi kwenye makarieri, haiingii kwenye vijia. Toka depo ya Bambu mpaka shimoni, mzigo utahitaji moto, na zile safari fupi ni nyingi, na ni salama kuliko kukimbia na kilo mia mgongoni mwa moto toka Bunia, mvua au jua, ukilipa kila barière peke yako.

Kuko wanaosema wakubwa watakamata jambo hili kama walivyokamata mengine. Hofu hii iko na miguu. Ndiyo maana kitabu kisikae kwa mtu mmoja. Tunapendekeza vitabu viwili, kimoja Bunia, kimoja Bambu, vyenye namba zile zile; na kila juma visomwe mbele ya watu, kwa sauti. Mmoja wa wenye kushika kitabu awe mama wa soko. Wamama ndio wanaopakia kidogo kidogo, ndio wanaoumizwa kwanza mfuko ukipotea, na hesabu ya kikapu wanaijua kuliko sisi.

Na kuko wanaosema kwa sauti ya chini, "Tutachanganya mizigo na wale?" Tunajibu kwa sauti ya juu. Kwenye mashimo tunafanya kazi na watu wa kila upande. Njaa imeingia nyumba zote. Mfuko wa chumvi hauna kabila, na kamyo moja iliyobeba mizigo ya wote iko na watu wengi wa kuilinda kuliko iliyobeba ya upande mmoja.

Na Fuso yenyewe?

Wenzetu wanaotaka gari watatuuliza, "Kwa nini msinunue tu, halafu mpange hivyo hivyo?" Kwa sababu gari inakula hata ikilala. Tairi inakula, injini inakula, shofere anakula. Ikivunjika katikati ya mvua, feza ya wanachama imekaa ndani ya matope na chakula hakikuja. Na kama hatujui kujaza gari ya mtu mwingine, tutajaza yetu namna gani? Itapanda nusu tupu kama zingine, tofauti tu hasara itakuwa yetu.

Tukianza na kitabu, tunaingia kwa mwenye kamyo na nguvu. Tunamwambia: kila juma tuko na tani 5 kamili, siku hii, saa hii, na tunalipa safari nzima, utupe bei gani? Yeye anapenda mzigo wa hakika kuliko kungojea siku tatu pale parkingi ya Bunia akitafuta abiria wa mifuko. Tena tumuulize juu ya kurudi. Wamama wa huku wako na ndizi, na mihogo. Waseremala wako na mbao. Kamyo ikishuka na mzigo, hata kwa bei ndogo, mwenyewe anapata kitu kwa safari ambayo angeifanya bure, na bei ya kupanda inaweza kushuka pia. Baada ya mwaka mmoja kitabu kitatuonyesha kama tunaweza kulisha gari yetu. Siku ile tutanunua Fuso tukijua tunanunua nini.

Tunachoomba

Sheria ya migodi, ile iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mchimbaji mdogo awe na karti na awe ndani ya kooperative. Watu wengi wameingia kwa ajili ya karti tu. Basi tutumie umoja ule kwa chakula cha watoto wetu. Na wamama wa soko wasio wachimbaji hawahitaji kungojea mtu: sheria ya OHADA juu ya kooperative, ya mwaka 2010, inakubali kooperative ndogo ya watu watano. Watano! Kwenye soko letu mnapatikana watano kabla ya jua kupanda.

Kwa sendika, ombi letu ni hili: feza iliyotengwa kuanza kutafuta Fuso itoe kwanza mizani mbili, vitabu viwili, kufuli, na kodi ya depo ya miezi mitatu. Tupakie kamyo kumi na mbili, moja kila juma. Mwisho wa miezi ile mitatu vitabu vifunguliwe mbele ya wote: mifuko mingapi ilipanda, mingapi ilifika, ngapi tulilipa kwa kilo, ngapi tulikuwa tunalipa mbele.

Kwa wakubwa wa jimbo, ombi ni fupi. Kila barière iandike bei yake mahali watu wanaona, na itoe karatasi kwa kila feza inayopokea. Gharama isiyo na karatasi hatuwezi kuigawanya kwa haki, na mwisho wake inaingia ndani ya unga.

Na kwa ninyi ndugu zetu wa mashimo: mkutano unaokuja, wakati wa kuchagua watu wawili wa kushika kitabu, msiwaachie wafanyabiashara peke yao chumba. Mje. Mulete na wake zenu. Muulize bei ya mfuko mmoja toka Bunia mpaka hapa, na msitoke mpaka mjibiwe kwa namba.